Bastola ipi itastahimili vumbi la Moroto?

BARUA

Afande, salaam.

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, leo zamu yangu imefika. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, miaka 47. Nilitumikia miaka 22, sehemu kubwa nikiwa upande wa usafirishaji, na silaha niliyoizoea ni SMG, ile AK yetu ya kila siku. Bastola nimeishika mara chache sana, tena kwenye mafunzo tu.

Mwaka jana nilipata kazi ya kusimamia kambi ya watu wanaochunguza madini huko Moroto, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Magari, maji, mafuta ya jenereta, chakula, na kuhakikisha vijana wote wamerudi kabla jua halijazama, hayo yote yako juu yangu. Tunakaa porini wiki 6, halafu nyumbani wiki 2. Nyumbani kwangu ni Mbale.

Tukienda mbali husindikizwa na wanajeshi. Lakini mwezi wa pili tulipeleka vipuri kwa gari moja bila msindikizaji, kwa kuwa tulidhani ni safari ya saa mbili tu. Gari likazama kwenye mchanga wa mto mkavu. Tulikuwa watatu: mimi, dereva na kijana mmoja wa vipimo. Simu hazina mtandao. Tukalala humo mpaka asubuhi. Fisi walisogea karibu hata tukawa tunasikia wanavyohema. Kwenye saa tisa usiku tuliona tochi tatu zikishuka ng'ambo ya mto, zikasimama kidogo, kisha zikaendelea. Mkononi nilikuwa na spana ya magurudumu. Hakuna lililotupata, ila tangu usiku ule usingizi wangu umekuwa mwepesi sana.

Mwajiri amekubali niombe leseni ya bastola. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ninayo, na DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, ameshanihoji. Sasa nimekwama kwenye kuchagua. Nimeonyeshwa Glock 17 mpya, bei yake inatisha. Mstaafu mwenzangu anauza CZ 75 yake aliyoitumia miaka mingi, ya chuma kitupu, kwa karibu nusu ya bei hiyo, na yeye ana leseni. Na kuna rivolva ya .38 ya marehemu baba mdogo, ambayo iko kwenye sanduku kwa mama mdogo huko Tororo tangu 2016, pamoja na kopo la risasi zake. Wazee wengi wananiambia rivolva haikwami hata uizike.

Vumbi la huku unalijua. Zipu za mahema zinakufa ndani ya mwezi mmoja. Mvua zikianza, vumbi linageuka tope linaloingia mpaka kwenye saa. Nataka kitu nitakachokitegemea siku nitakapokihitaji kweli.

La mwisho si kubwa sana. Mama watoto amesema bastola hiyo isivuke mlango wa nyumba. Tuna watoto watatu, mdogo ana miaka 6. Nimemwambia nitaiweka juu ya kabati, lakini hataki kusikia. Nisaidie na maneno ya kumtuliza.

Mkuu wa Kambi, Mbale


JIBU

Mdogo wangu, salaam, na pole kwa usiku ule wa mtoni.

Jambo la mama watoto umeliweka mwisho na ukaliita si kubwa. Mimi nimelisoma kwanza. Bastola ya kuaminika ni ile inayolia unapotaka ilie, na isiyolia usipotaka. Watu wengi wakiniuliza habari ya kuaminika huwa wanamaanisha nusu ya kwanza tu. Nilikaa ghalani miaka mingi nikiwa fundi silaha, na walioumizwa na bastola iliyolia bila kutakiwa nimewaona wengi kuliko walioumizwa na iliyokataa kulia. Kwa hiyo nitakujibu kuhusu vumbi, nitakujibu kuhusu bei, lakini kila nitakachosema kitapimwa kwa nusu zote mbili.

Tuanze na ya baba mdogo, kwa sababu hiyo haina mjadala. Leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Marehemu alipofariki, ruhusa ya kukaa na ile silaha ilifariki naye, na tangu 2016 mama mdogo anaishi na bunduki isiyo na mwenyewe mbele ya sheria. Hata kama anajua imewekwa kwa nia njema, siku polisi wakiikuta humo ni yeye atakayeulizwa. Nenda naye kituo cha polisi, mtoe taarifa kwanza kabla ya kuigusa, mseme iko wapi na ilikuwa ya nani, waje waichukue wao au wawaelekeze namna ya kuileta. Risasi pia, pamoja na kopo lake. Usiibebe kwenye basi kutoka Tororo ukidhani kwamba kwa kuwa wewe ni mstaafu wa jeshi, watakuelewa. Kustaafu si leseni.

Na hata ingekuwa yako kihalali, nisingekushauri kuipeleka Moroto. Hilo neno la wazee lina ukweli kidogo. Rivolva haina magazini wala slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, na risasi moja isipowaka unabonyeza triga tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Ukiiacha kwenye droo miaka 5 bila kuigusa, kuna uwezekano mkubwa italia. Lakini droo na vumbi ni vitu viwili tofauti. Silinda huzunguka kwenye nafasi nyembamba mno. Punje chache za mchanga zikikaa chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje, silinda haifungi vizuri, au inafunga na kukataa kuzunguka. Bastola ya slaidi ikikwama, mara nyingi unaiondoa kwa mkono na kuendelea. Rivolva ikijaa mchanga inataka meza, taa na bisibisi. Juu ya hayo ni risasi 6 tu, na kuijaza tena gizani kwa vidole vinavyotetemeka ni kazi.

Zimebaki mbili, na zote mbili ni nzuri.

CZ 75 ilitoka Czechoslovakia mwaka 1975, na bado nitaisifu mbele ya yeyote. Imekaa vizuri mkononi, na uzito wake wa karibu kilo 1 unameza mrusho, kwa hiyo mtu mgeni wa bastola huipiga vizuri mapema. Shida zake kwako ni mbili. Ya kwanza, chuma kile kinataka kufutwa kila siku. Jasho la kiunoni lina chumvi, na kwenye joto la Karamoja utatoka jasho kuanzia asubuhi. Wiki 6 za porini zinatosha kabisa kuota madoa ya kutu, na zikifuatwa na wiki 2 za mvua ya Mbale ndiyo yamekwisha. Ya pili ni nzito zaidi. CZ 75 ya asili haina kitufe cha kushusha nyundo salama. Ukiwa na risasi chemba, yaani tayari nyuma ya mtutu, na nyundo imepanda, ama unaiacha hivyo hivyo na sefti imewekwa, ama unaishusha nyundo taratibu kwa kidole gumba huku unabonyeza triga. Kidole kikiteleza, imelia. Fundi aliyezoea hufanya hivyo bila shida. Mtu aliyeshika bastola mara chache maishani, amechoka, mikono ina mafuta ya gari, simtakii.

Kuna na suala la karatasi. Juni 2018 Rais aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama, yaani zile alama ambazo mtutu na sindano inayogonga risasi huacha kwenye risasi na ganda. Ya mwenzako imeandikishwa kwa jina lake. Mpaka polisi waihamishe rasmi kwako, hiyo si yako hata kama umelipa shilingi ya mwisho. Na kama aliwahi kubadilisha mtutu kwa fundi wa pembeni bila kusema, tatizo hilo unalinunua pamoja na bastola. Muulize wazi kabla hujatoa pesa.

Glock 17 ni kazi ya Gaston Glock wa Austria. Jeshi la kwao liliichukua mwaka 1982. Fremu yake ni plastiki ngumu ambayo haijui kutu, na slaidi na mtutu vimetiwa uso mgumu kiwandani unaostahimili jasho na mvua kuliko chuma cha kawaida. Bila risasi ni gramu 700 hivi na magazini yake, na magazini hiyo hubeba 17. Kila unapobonyeza triga, uzito wake ni ule ule, wa kwanza na wa kumi. Kwa mtu anayeanza bastola akiwa na miaka 47, hilo lina thamani kubwa. Kwa vumbi, kwa jasho na kwa mvua ya Mbale, mimi ningekwambia nunua hiyo. Kama bei ni mzigo, subiri miezi mitatu uongeze.

Lakini sasa nusu ya pili. Glock haina sefti ya kusukuma kwa kidole. Wewe umelelewa na SMG, ile sefti kubwa ya pembeni inayolia kwa sauti unapoishusha. Mkono wako umezoea kwamba kabla ya silaha kulia kuna kitu cha kufanya. Kwenye Glock hakuna. Sefti iko katikati ya triga yenyewe, na kazi yake ni kuzuia isilie ikianguka; kidole, tawi la mti, kamba ya koti, au mdomo laini wa ala (mfuko wa bastola) iliyochakaa vikiingia pale, italia. Na tena, ili kuifungua kwa usafi, lazima kwanza ubonyeze triga. Watu wamejitoboa viganja na kutoboa meza kwa sababu hiyo moja, wote wakiamini haina kitu. Utaratibu wangu ghalani ulikuwa mmoja na sikuwahi kuuruka: magazini inatoka kwanza, slaidi inavutwa mara tatu, inafungwa nyuma, jicho linaangalia chemba, kisha kidole kidogo kinaingia kuhakikisha jicho halijadanganywa. Hapo ndipo triga inabonyezwa, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye ndoo ya mchanga. Fanya hivyo hata kama umeifungua dakika kumi zilizopita na hujatoka mezani.

Kwa sababu hii, pesa utakazobakiwa nazo zitumie kwenye ala kabla ya kitu kingine. Itafutwe ala ngumu, iliyotengenezwa kwa bastola hiyo hiyo, inayofunika triga yote. Ikiwa na kifuniko cha juu itakusaidia kwa vumbi, na itakusaidia pia watu wasione ulichobeba, nitalirudia hilo. Ala ya ngozi ni nzuri kutazama lakini ngozi hunywa jasho na mvua na kukaa nayo. Bastola ikilala humo usiku mmoja baada ya mvua unaamka na kutu. Ongeza kamba ya kuifunga kwenye mkanda. Ukiinama kusukuma gari kwenye mchanga, bastola isiyo na kamba huanguka na hujui imeanguka wapi.

Sasa vumbi lenyewe, kwa kuwa nililifanyia kazi miaka mitatu huko huko Karamoja.

Askari mmoja aliniletea Browning Hi-Power, ile ya Ubelgiji ya risasi 13, akasema imekataa. Alikuwa mtu msafi, kila jioni aliifuta na kuimwagia mafuta mpaka inang'aa. Nikavuta slaidi, ikaja nusu, ikabaki hapo. Nikaifungua juu ya gazeti. Kwenye reli zote mbili kulikuwa na ute wa kahawia, mzito kama uji wa mtama uliolala, na nikautoa kwa njiti ya kiberiti, kipande baada ya kipande. Chini ya ukucha unaoshika ganda nikakuta punje moja ya mchanga, ndogo kuliko simsim. Kijana akashangaa, akasema mbona ninaipaka mafuta kila siku. Nikamwonyesha ule ute kwenye njiti. Mafuta ndiyo yaliyoukamata mchanga na kuukaribisha ndani. Vumbi kavu huingia na kutoka. Vumbi lenye mafuta hukaa.

Kwa hiyo kiangazi, kuanzia Desemba mpaka mvua zianze, tone moja dogo kwenye kila reli, tone moja nje ya mtutu pale unapokutana na slaidi, halafu futa kwa kitambaa kikavu mpaka ubaki mng'ao tu. Kwenye njia ya sindano usiweke mafuta kabisa, wala ndani ya magazini. Mvua zikianza unaongeza kidogo, kwa sababu hapo adui wako ni maji. Kila jioni chukua mswaki wa zamani uliokauka, fungua, piga mswaki, futa, funga. Dakika tano. Ukikaa siku tatu bila kufanya hivyo kwa sababu hukuitumia, hujui tena kama una bastola au una kipande cha plastiki kiunoni.

Magazini ndiyo inayokufa kwanza kuliko kitu kingine chote, na watu wengi huiangalia mwisho. Wanajeshi wa Marekani walipokuwa Irak na Beretta zao, malalamiko mengi ya kukwama yalifuatiliwa yakaishia kwenye magazini: zilikuwa zimepakwa uso wa kukwaruza, mchanga laini ukang'ang'ania ndani na risasi zikashindwa kupanda. Bastola ilikuwa nzima. Nunua magazini 3 za kiwandani, ziandike 1, 2, 3 kwa rangi ya kucha. Ikikwama, andika kwenye daftari ni namba ngapi. Namba moja ikirudia mara mbili, hiyo ni ya mazoezi, usiibebe tena. Zitikise na kuzifuta ndani kila wiki kwa kitambaa kikavu.

Risasi zinunuliwe mahali polisi watakapokuelekeza, ziwe mpya, na ziwe milimita 9 ya Parabellum. Nasisitiza jina hilo kwa sababu kuna na milimita 9 ya Makarov, ambayo ni fupi na pana kidogo, na haziingiliani. Ukibahatika kwenye mazoezi kupewa za zamani za Kirusi au za Kichina, kumbuka nyingine zina fataki, kile kiwashio cha nyuma ya ganda, inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta peke yake hayaitoi chumvi. Maji ya moto kwanza, kausha, kisha mafuta.

Na kuna kosa moja la walinzi ambalo huenda hukuwahi kuliona kwenye SMG. Mlinzi hutoa risasi chemba kila asubuhi anapokabidhi, jioni anaingiza tena, na huwa ni ile ile ya juu ya magazini. Siku moja nilichukua risasi ya mlinzi wa namna hiyo nikaisimamisha mezani karibu na mpya. Ilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Kila inapopigwa kuingia chemba, kichwa cha risasi kinazama ndani ya ganda kidogo kidogo, na nafasi ya baruti ikipungua, nguvu ya mlipuko inapanda kupita kiasi. Bastola inaweza kupasuka mkononi. Risasi ikishaingia chemba mara mbili au tatu, itie alama, iweke kando, na uilinganishe na mpya kabla ya kuitumia uwanjani. Iliyofupika usiipige kabisa, irudishe ulikonunua au polisi.

Halafu ujaribu, kwenye uwanja ulioruhusiwa na mbele ya mkufunzi. Risasi 200 angalau kabla ya kuibeba, za aina ile ile utakayobeba, kwa magazini zote 3. Najua risasi 200 ni pesa. Kama mwajiri ameweza kukubali leseni, mwombe na hizo. Ikipita zote bila kukwama, umeanza kuwa na bastola ya kuaminika. Kabla ya hapo una jina la kiwanda tu.

Sasa turudi mtoni, mdogo wangu, kwa sababu nadhani ndipo barua yako ilipozaliwa.

Fikiria usiku ule ungekuwa na Glock. Fisi? Fisi wanaohema nje ya gari huondolewa na taa za gari na honi. Nyati wa mbuga za Pian Upe au Kidepo? Risasi ya bastola yako ina nguvu ya jouli 500 hivi. SMG ina kama 2,000. Wanaowinda nyati kwa kibali hubeba bunduki za .375 kwenda juu, zaidi ya jouli 5,000, na bado hukanyagwa. Nyati aliyepigwa bastola ni nyati aliyekasirishwa. Moma? Buti ndefu na tochi. Na mbugani, kumbuka, huingii na silaha bila ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori, leseni ya polisi haitoshi.

Wale wenye tochi tatu hukuwajua, na mimi siwajui. Huenda walikuwa wachungaji wanatafuta ng'ombe aliyepotea. Tuseme walikuwa wabaya. Kambi ya jeshi ya Moroto ilipoporwa mwaka 1979, bunduki zilimwagika Karamoja, na tangu hapo serikali imekusanya 2001, imekusanya 2006, na Julai 2021 ikaanza tena na operesheni ya Usalama kwa Wote. Zilizobaki ni SMG, zinazopiga mita 200 bila taabu. Wewe kwa bastola, gizani, moyo ukienda mbio, tuseme mita 10. Machi 2022, wanajiolojia watatu wa serikali na wanajeshi wawili waliowasindikiza waliuawa hapo hapo wilayani Moroto wakiwa kazini, kazi kama ya vijana wako. Wasindikizaji wao walikuwa wanajeshi kamili. Sisemi hayo kukutia hofu. Nasema kwamba mahali ambapo bunduki inatafutwa kama ng'ombe anavyotafutwa, bastola inayoonekana kiunoni inaweza kuwa ndiyo sababu ya kufuatwa. Ndiyo maana nilitaka ala yenye kifuniko, na shati juu yake.

Ulivyovikosa usiku ule ni vitu vingine, na vyote ni rahisi kuliko Glock. Gari la pili. Simu ya setilaiti au redio inayofika kambini. Mtu kambini anayejua kwamba usipoonekana saa kumi na mbili jioni, anawapigia wanajeshi. Mbao mbili za kutia chini ya magurudumu, koleo, na maji lita 20 ambayo hayaguswi. Mwombe mwajiri hivyo kwanza, kwa barua, kabla ya risasi 200. Wewe ndiye mkuu wa kambi. Neno lako la "hatutoki bila msindikizaji" lina nguvu kuliko chochote utakachobeba.

Na usingizi. Mtu anayeshtuka usiku, akiwa ndani ya hema, na bastola isiyo na sefti ya kidole chini ya mto, anaweza kumpiga kijana wake aliyetoka kukojoa. Nimeshika faili la jambo kama hilo mikononi mwangu na sitalisahau. Kabla ya leseni kutoka, nenda hospitali ya rufaa ya Mbale, ukaongee na daktari wa akili kuhusu usiku ule na kuhusu miaka 22 iliyotangulia. Hakuna aibu ndani yake, na wengi wetu tumekwenda. Kambini bastola ilale kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti, ufunguo ukiwa mwilini mwako.

Sasa mama watoto. Umeniomba maneno ya kumtuliza na mimi sitakupa, kwa kuwa yuko sahihi. Mtoto wa miaka 6 anajua kilicho juu ya kabati kuliko unavyojua wewe. Ameshapanda kiti, ameshavuta stuli, amekusikia ukiongea kwa simu. Anaweza kuivuta ile triga kwa vidole gumba viwili. Na nyumbani Mbale huna fisi, huna mto mkavu. Sababu uliyoiandika kwenye fomu ya leseni ni Moroto. Kwa nini basi isafiri nawe kwenye basi, kilomita zote hizo, kati ya watu na mifuko, halafu ilale wiki 2 karibu na watoto bila kazi?

Mwulize ofisa wa polisi anayeshughulikia leseni yako kama utaweza kuikabidhi kwenye ghala la silaha la kituo cha Moroto kila unapokwenda likizo, kwa kuandikishwa namba ya silaha na idadi ya risasi, na kupewa karatasi. Uliza hilo sasa, wakati maombi yako bado yako mezani. Wakikukubalia, rudi nyumbani umwambie mama watoto kwamba bastola haitavuka mlango wake, na umwonyeshe itakapokuwa inalala. Mwambie kabla hujalipia, si baada.